Macho ya Darasa la Nne

Kabla ya Jumatatu ile, Mwantumu binti Sadala alikuwa mtu mkubwa. Ukubwa wake ulianzia mlangoni mwa darasa la nne na kuishia ubaoni, lakini ndani ya mipaka hiyo hapakuwa na mwingine. Yeye ndiye aliyefuta ubao. Yeye ndiye aliyebeba kikapu cha Mwalimu Josefina asubuhi kutoka nyumba ya walimu na kukirudisha mchana, akitembea nyuma kidogo ya mwalimu kwa unyenyekevu wa mtu aliyebeba msahafu. Mwalimu alipotoka, yeye ndiye aliyesimama na chaki kwenye pembe ya ubao akaandika majina ya wapiga kelele, na katika kazi hiyo hakujua ndugu wala jirani. Aliwahi kumwandika binamu yake kwa kupiga chafya mara mbili. Ya kwanza, alieleza, ilikuwa ugonjwa. Ya pili ilikuwa makusudi.

Shule yenyewe ilikuwa ya kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Kwedizinga. Ilikuwa na vyumba vya matofali yaliyochomwa na wazazi wenyewe, shamba la pamba la kujitegemea, na ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa ikaitwa kengele. Operesheni ya vijiji ilikuwa imepita mwaka uliotangulia. Watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila mmoja na mihogo yake, sasa walikaa kwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi. Wamasai wa mbugani nao waliambiwa wasogee. Wakasogea, wakaishia nusu ya njia, wakasema kutoka hapo kijiji wanakiona vizuri.

Jumatatu hiyo somo la kusoma lilihusu gari moshi. Mwantumu alisimama akasoma kifungu kizima bila kumeza mate, akaketi. Mwalimu Josefina akauliza ni nani amewahi kuliona gari moshi kwa macho yake. Mwalimu alitoka Dindira, milimani kwenye chai, na joto la Handeni lilimfanya awe mkali tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema uongo. Muhidini, ambaye aliketi nyuma kabisa kwa sababu zinazojulikana, aliinua mkono.

"Mimi, mwalimu. Ndotoni."

"Keti, Muhidini."

"Lilikuwa na mkia, mwalimu."

"Nimesema keti."

Mwalimu akafunga kitabu. Alisema si haki watoto wa taifa huru kusoma habari za chombo wasichokijua, kama kipofu anayesimuliwa sura ya mchumba. Jumamosi angekwenda Korogwe kwa lori la pamba. Atakayejifunza vizuri kuliko wote juma hilo angekwenda naye, angefikishwa stesheni, angelitazama gari moshi mpaka atosheke, na Jumatatu angesimama mbele ya wenzake awaeleze yote. "Huyo atakuwa macho ya darasa," alisema.

Darasa zima likageuka kumtazama Mwantumu, kama watu wanavyomtazama mrithi msibani. Mwantumu akainamisha uso kwa staha, huku akiwa ameshapanda lori, ameshafika Korogwe, ameshachagua hata mahali pa kusimama stesheni.

Ndipo kivuli kirefu kikaziba mlango.

Alikuwa Mmasai aitwaye Tiampati, na mbele yake alisimama msichana mwembamba mwenye kichwa kilichonyolewa kikang'aa. Tiampati alisema mtoto huyu ni Sintamei, kwamba alikuwa akisoma misheni kabla hawajahama, na kwamba balozi wa nyumba kumi amewasumbua sana, kwa hiyo basi, huyu hapa. Wanafunzi wakasimama wakaamkia kwa pamoja. Sintamei hakuamkia. Alitembea mpaka mbele ya mwalimu, akainamisha kichwa, akatulia hivyo.

Mwalimu Josefina akakitazama kile kichwa. Kichwa nacho kikasubiri.

"Ameangusha kitu?" akauliza mwalimu.

"Anakuamkia," alisema Tiampati. "Mguse kichwani. Usipomgusa atakaa hivyo mpaka jioni."

Mwalimu akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Sintamei, taratibu, kama mtu anayepima joto la uji. Kisha jambo la ajabu likatokea: akatabasamu. Mwalimu Josefina, kabla ya saa nne, akatabasamu.

Mwantumu akaanza kupiga hesabu. Miaka miwili alikuwa amebeba kikapu kile. Alikuwa amefuta ubao mpaka mikono ikawa myeupe kama ya mwizi wa unga. Katika muda huo wote kiganja cha mwalimu hakijawahi kugusa kichwa chake. Kichwa chake kilijua konzi tu, tena mbili, na zote kwa ajili ya Muhidini.

Lakini ya Mungu mengi. Mwalimu alitazama madawati, akasema, "Hajira, nenda nyuma. Sintamei, kaa hapa na kiranja wangu, atakuangalia."

Mwantumu akamwangalia. Alimwangalia tangu saa hiyo mpaka kengele ya mwisho, na kama macho yangekuwa na meno, darasa la nne lingebaki na mwanafunzi pungufu.

Siku iliyofuata Sintamei alikiinamisha tena kichwa, akaguswa tena. Kisha akapewa kusoma kifungu kilekile. Hakusoma vizuri kama Mwantumu, aliruka hata nukta. Ila alisoma kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliovuka mto, na darasa la pili, chumba cha jirani, likanyamaza kusikiliza. Mwalimu alimpa alama sawa na za Mwantumu. "Kusoma ni kusikika," alisema. Mwantumu alitamani kukumbusha kwamba kusoma pia ni kupumzika penye nukta, lakini aliona si wakati wake.

Siku hiyo hiyo mchana mwalimu aliitwa ofisini. Mwantumu akasimama na chaki. Muhidini alianza kulia kama jogoo, akaandikwa. Jogoo wa pili akaandikwa. Kisha Mwantumu akageuka, akamwona Sintamei ameketi mikono juu ya dawati, hajasema neno, hajacheka, hajakohoa. Alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akaandika kwa mwandiko safi: *Sintamei, kukaa kimya kwa dharau.*

Mwalimu aliporudi alisoma majina, akachapa wapiga kelele kiganja kimoja kimoja. Alipofika kwenye jina la mwisho alisimama.

"Kukaa kimya kwa dharau ndio nini, Mwantumu?"

"Alikaa kimya kuliko wote, mwalimu."

"Basi atakuwa mfano wenu." Akafuta jina hilo kwa mkono wake mwenyewe, na pale lilipokuwa akachora nyota.

Usiku wa kuamkia Jumatano Mwantumu alifikiri. Alipofikiri sana aliona kwamba kosa lote limetokana na kichwa. Yule mgeni hakuwa na chochote cha ziada isipokuwa kichwa, na namna ya kukipeleka. Kila mtoto ana kichwa. Kama upendo wa mwalimu uko kiganjani, na kiganja kinafuata kichwa kilichoinama, basi hata Mzigua kama yeye anajua kuinama. Akalala amefarijika, kama mkulima aliyegundua jirani yake anatumia mbegu gani.

Asubuhi aliwahi. Mwalimu alipoingia, darasa likaamkia kwa pamoja, "Shikamoo, mwalimu." Sintamei akaenda mbele, akaguswa, akarudi. Hapo Mwantumu akatoka kwenye dawati, akatembea mpaka mbele, akainamisha kichwa chini kabisa, akafumba macho.

Jambo moja tu alikuwa amelisahau. Jumatano ilikuwa siku ya ukaguzi wa usafi.

Kiganja kilikuja. Kwanza kilikuwa chepesi, na Mwantumu akahisi utamu ukishuka mpaka visiginoni. Halafu vidole vikaingia ndani ya nywele. Vikazigawa upande huu, vikazigawa upande ule, vikasimama nyuma ya sikio.

"Ndiyo," alisema mwalimu. "Wapo."

Mwantumu akafumbua macho.

"Darasa, simameni. Tazameni mwenzenu. Ana chawa. Lakini hakungoja nimkamate, amejileta mwenyewe mbele ya umma. Huo ndio uaminifu. Nani mwingine ana chawa aje?"

Hakuna aliyekwenda. Ila kote darasani mikono iliyokuwa ikijikuna ilishuka kimyakimya.

"Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi matatu ya kilo, mazito na ya pamoja. Muhidini akaongeza la nne kwa hiari yake.

"Kesho uje umenyolewa," alisema mwalimu.

Nyumbani, bibi yake aliuweka wembe kwenye maji ya moto, akamkalisha kwenye kigoda nyuma ya jiko, akaanza kazi. Alinyoa huku akiimba kwa puani wimbo wa Kizigua wa kupura mahindi, jambo ambalo Mwantumu hakulipenda.

"Nani alikwambia umpelekee mwalimu kichwa?" aliuliza bibi.

"Hakuna."

"Ulikwenda tu. Kama mbuzi anayekwenda buchani kuuliza nyama imebaki kiasi gani."

"Nilitaka anishike, bibi. Yule Mmasai anamshika kila siku."

"Basi amekushika." Bibi akaupangusa wembe. "Geuza huku. Nilipoolewa, babu yako alikuwa na mke mwenzangu, marehemu, ana mwanya. Nikachukua tupa, nikajitengenezea mwanya."

"Ikawaje?"

"Meno yakauma mwaka mzima, na babu yako akawa anamchekea yule na kunicheka mimi. Tulia, nitakukata."

Alhamisi walikaa dawati la mbele vichwa viwili, vyote vinang'aa, na jua la dirishani likavipiga vyote kwa usawa bila kujali kabila.

"Mwalimu," alisema Muhidini, "kanga ametaga dawati la mbele."

Hata Mwalimu Josefina aliugeukia ubao kitambo, na mabega yake yakatikisika. Sintamei aligeuka akakitazama kichwa cha Mwantumu kwa makini ya mtu anayechunguza ndama mnadani.

"Amekunyoa vizuri," alisema. "Nani?"

"Bibi yangu."

"Ana mkono mzuri. Mama yangu hukata hapa nyuma."

Mwantumu akafungua daftari lake, kwa sababu alikuwa bado anamchukia, na chuki haifai kukatizwakatizwa.

Somo la mwisho siku hiyo lilikuwa kuchora. Wote walichora gari moshi kadiri walivyolifikiria. La Hajira lilikuwa na matairi ya trekta. La Muhidini lilikuwa na mkia. Mwantumu alichora mabehewa manne, moshi, dereva mwenye kofia na bendera ya taifa, akapaka kila kitu rangi kwa majani ya maboga na mkaa. Sintamei alichora mistari miwili mirefu toka ukingo huu wa karatasi mpaka ukingo ule, akaweka kalamu chini.

"Gari liko wapi?" aliuliza mwalimu.

"Limeshapita."

Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso. Akaibandika karatasi ile ukutani, mistari miwili mitupu, na lile la mabehewa manne akasema, "Zuri," akapita. Mwantumu aliitazama ile "zuri" ikimpita kama lori lisilobeba abiria. Alitamani wachora mistari wote wa dunia waumwe na tumbo.

Kisha mwalimu akatangaza matokeo. Kwa alama za juma zima, wawili wamelingana: Mwantumu na Sintamei. "Mimi sitachagua," alisema. "Gari moshi haligawanywi kama ugali. Kesho asubuhi darasa litapiga kura."

Kura. Mwantumu alikuwa amejipanga kwa alama, kwa usafi, kwa kikapu, kwa kila kitu isipokuwa kupendwa. Alitazama nyuma kwa mara ya kwanza kama mgombea, akaziona nyuso zilizokuwa zimeandikwa kwenye pembe ya ubao miaka miwili mfululizo. Zilikuwa zinamtazama kwa utulivu mkubwa.

Ilibidi afanye kampeni. Jioni alikata muwa mnene shambani kwa baba yake, akamkuta Muhidini kisimani.

"Muhidini, ndugu yangu."

"Leo mimi ndugu? Juzi nilikuwa jogoo."

"Kula muwa."

Muhidini akala. Alikuwa mtu asiyebagua.

"Ukinipigia kura na kuwaambia wenzako," alisema Mwantumu, "sitakuandika tena mpaka tufunge shule."

"Hata nikiwika?"

"Hata ukiwika."

"Hata nikibweka?"

Cheo kina gharama zake. "Hata ukibweka."

"Nimesikia," alisema Muhidini, akachukua na kipande kilichobaki.

Ijumaa asubuhi, kabla watu wa msikitini hawajaanza kuhesabu saa za swala, mwalimu aliwatoa nje. Sheria ilikuwa hivi: wagombea wawili wasimame pande mbili za uwanja, nyuso zao zikitazama nje, wasione nani anakwenda wapi. Kila mwanafunzi akapange foleni nyuma ya amtakaye, amshike mwenzake mabega asihamehame. Mwalimu akigonga kengele, kila mtu ahesabiwe pale alipo, na baada ya hapo hakuna kunung'unika.

Mwantumu akasimama akitazama shamba la pamba. Nyuma yake akasikia, "Haya, nendeni," na miguu ikaanza kwenda. Ilikwenda kwa kelele, ikivuta vumbi, na yote ilikuwa inakwenda mbali. Alizijua ndala za Muhidini kwa mlio wake. Nazo zilikwenda mbali, zikiwa na muwa wake. Mara akasikia miguu peku, laini, imesita katikati ya uwanja. Hajira, aliwaza, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Ile miguu ikasita tena kidogo. Halafu nayo ikaondoka, polepole, kwa huruma.

Nyuma yake pakabaki upepo.

Aliitazama pamba. Aliona kwamba pamba ni zao baya, lenye miiba, na kwamba nchi ingefanya vizuri kulima kitu kingine. Masikio yalimwaka moto mpaka kwenye upara. Kule ng'ambo mtu mmoja, bila shaka Muhidini, alikuwa ameanza kupuliza mvuke, "shu, shu, shu," na foleni nzima ikamfuata, "shu, shu, shu," watoto wote wa darasa la nne wameshikana mabega nyuma ya kichwa kimoja kisicho chake.

Kisha akasikia jambo asilolitegemea. Ile "shu, shu" ilikuwa inakuja.

Ilikuja ikakua. Ilikuja mpaka mkono mmoja mwembamba ukamshika begani, na kabla hajageuka mwalimu akagonga kengele.

Mwantumu akageuka. Nyuma yake alikuwa Sintamei. Nyuma ya Sintamei lilikuwa darasa zima, foleni moja imezunguka uwanja, Hajira mwishoni, na katikati Muhidini akiangaza huku na huku kama mtu aliyepanda lori la Handeni akajikuta Muheza.

"Mwalimu," alisema Muhidini, "sisi tulikuwa tunamfuata huyu."

"Naona."

"Yeye ndiye aliyeondoka. Sisi tumeshikana, mwalimu. Ulisema tusiachie."

"Nilisema pia kengele ikilia kila mtu anahesabiwa alipo." Mwalimu Josefina alikuwa anajitahidi asicheke, na safari hii alishindwa. "Mwantumu, kura zote. Sintamei, hakuna hata moja. Darasa, shangilieni mshindi."

Wakashangilia, kwa sababu waliamriwa, na kwa sababu kupuliza mvuke kulikuwa kumewafurahisha.

Mwantumu aliingoja furaha. Ilikuwa haki yake. Aliihangaikia juma zima, kwa alama, kwa nywele na kwa muwa. Badala yake akajikuta amerudi kwenye hesabu ile ya Jumatatu. Amepewa. Yule amempa, mbele za watu, kwa mkono mmoja, kama mtu anayemsukumia mwenziwe sahani aliyoshiba.

Alimvuta Sintamei pembeni, karibu na ukuta wa darasa.

"Kwa nini umefanya hivyo?"

"Wewe unalitaka."

"Na wewe?"

"Mimi silitaki. Nimeshaliona."

Mwantumu akadhani hakusikia vizuri. "Umeliona wapi?"

"Kule Mnyusi, tulipokuwa tunahamisha mifugo. Lilimpiga mbuzi wa baba yangu."

"Gari moshi?"

"Lilimpiga tu likaenda. Hata halikusimama kusalimia." Sintamei alisema hivyo bila kujisifu, kama mtu anayeeleza tabia ya jirani. "Baba alikasirika. Akakaa pale relini mpaka lirudi, akasimama katikati na fimbo. Alitaka lilipe mbuzi."

"Likalipa?"

"Lilipiga honi. Likasimama karibu kabisa, hivi. Mtu akatoa kichwa juu, akatukana kwa Kiswahili. Baba akamtukana kwa Kimasai. Halafu mama akaja akamvuta baba, tukaenda."

"Mbona siku zote hukusema?"

"Mwalimu aliuliza kabla sijaingia. Baadaye hakuna aliyeuliza."

Kule uwanjani wenzao walikuwa wameungana tena wakizunguka kengele, "shu, shu, shu," na Muhidini akiwa kichwa. Mwantumu hakuwaona. Kwa akili yake alikuwa Mnyusi. Kesho angepelekwa stesheni ya Korogwe akiwa ameshikwa mkono. Gari moshi lingekuja, likasimama kwa adabu kama ng'ombe wa maziwa, watu wakashuka na mizigo yao, watu wakapanda, likaondoka. Hakuna ambaye angesimama mbele yake na fimbo. Hakuna ambaye angetukanwa. Mzee Sadala alikuwa baba mzuri, lakini kitu kikubwa alichowahi kukizuia njiani kilikuwa baiskeli ya bwana shamba. Aliona wivu juu ya Tiampati, juu ya fimbo, juu ya tusi lenyewe. Akaona wivu, Mungu amsamehe, hata juu ya mbuzi.

"Sintamei."

"Naam."

"Huyo mbuzi alikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe. Ana doa jeusi shingoni. Kwa nini?"

"Basi tu," alisema Mwantumu, na akarudia moyoni: mweupe, doa jeusi, shingoni. Jumatatu ilikuwa bado mbali, na mtu akishachaguliwa kuwa macho ya darasa, hakuna sheria inayomkataza kuona mengi.